Nani Aliwafundisha Wahadhiri wa Hisabati Kufundisha?

Ndugu msomaji, tuanze na jambo ambalo sote tunalijua lakini hatulizungumzi. Mwalimu anayemfundisha mtoto wa darasa la kwanza kuhesabu kwa vizibo vya soda amepita chuo cha ualimu. Kasoma saikolojia ya mtoto, kaandika maazimio ya kazi na maandalio ya somo mpaka mkono ukafa ganzi, kisha kapelekwa shule ya mazoezi huku mkufunzi wake amekaa nyuma ya darasa anaandika kila anapokosea. Mwalimu wa sekondari naye ni hivyo hivyo. Lakini mtu anayesimama mbele ya wanafunzi mia tatu chuo kikuu kuwafundisha kalkulasi, mara nyingi hakupita popote. Alifaulu sana, akapewa chaki. Basi.

Kwa nini iko hivyo? Nani aliamua kwamba anayejua hisabati anajua pia kuifundisha? Swali hili limenisumbua kwa muda, nikaamua kulifuatilia. Historia yake nzuri nimeikuta Marekani, kwa sababu wanahisabati wa kule wamebishana juu ya jambo hili hadharani kwa zaidi ya miaka mia moja. Nitawasimulia kwa kirefu kidogo, kisha tutarudi nyumbani. Wale wa PCM mtanielewa haraka, na wale mliokimbia hesabu kidato cha pili msiondoke, maana mnahusika pia.

Mwaka 1876 kilifunguliwa chuo kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore. Kabla ya hapo vyuo vingi vya Marekani vilikuwa vya kufundisha tu. Mwalimu anashika kitabu, mwanafunzi anakariri, kesho yake anasimamishwa darasani kujibu. Johns Hopkins kilikuja na mtindo wa Ujerumani: profesa ni mtafiti kwanza, na mwanafunzi wa shahada ya uzamivu anajifunza utafiti kwa kukaa karibu na mtafiti. Profesa wao wa kwanza wa hisabati alikuwa James Joseph Sylvester, Mwingereza mwenye umri wa miaka 61, ambaye ujanani alinyimwa shahada Cambridge kwa sababu alikuwa Myahudi na hakuweza kutia saini kanuni za imani ya Kanisa la Anglikana.

Sylvester alikuwa moto. Mwaka 1878 alianzisha jarida la utafiti, American Journal of Mathematics, ambalo ni la zamani kuliko majarida mengine ya hisabati yanayoendelea kutoka nchini humo. Darasani alikuwa na tabia ya kuanza na mada iliyopangwa kisha akahamia kwenye jambo alilokuwa akilivumbua wiki hiyo. Kwa vijana wachache waliotaka kuwa watafiti, hiyo ilikuwa raha tupu. Lakini jaribu kuendesha namna hiyo darasa la mwaka wa kwanza lenye watu mia mbili wanaotaka kuwa wahandisi, uone.

Mtindo wa Johns Hopkins ulienea nchi nzima. Shahada ya uzamivu ikawa tiketi ya kupata kazi ya kufundisha chuoni, ingawa shahada yenyewe inapima utafiti. Ni sawa na kumpa mtu leseni ya udereva kwa sababu ametengeneza injini nzuri.

Walikuwepo walioona kasoro hiyo mapema. Mwaka 1894 mwalimu mmoja wa jimbo la Missouri, Benjamin Finkel, alianzisha jarida la American Mathematical Monthly kwa ajili ya walimu wa hisabati. Jarida lilipohitaji mlezi, likapelekwa kwa American Mathematical Society, chama cha watafiti kilichoanzia New York mwaka 1888. Mwaka 1915 chama hicho kikakataa kulibeba. Mambo ya ufundishaji vyuoni hayakuwa kazi yake. Basi mwezi Desemba mwaka huo huo, wale waliojali ufundishaji wakakutana Columbus, Ohio, wakaunda chama chao, Mathematical Association of America, kwa kifupi MAA. Kumbuka jina hilo, tutalirudia.

Sasa tuingie Texas. Mwanafunzi mmoja wa Sylvester, George Bruce Halsted, alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Texas, na huko alimfundisha kijana aitwaye Robert Lee Moore. Moore alikuja kuwa mmoja wa walimu wa hisabati waliozungumzwa zaidi katika karne ya 20. Alifundisha hapo Austin kuanzia mwaka 1920 mpaka 1969, akastaafu akiwa na miaka 86. Namna yake ilikuwa hivi: hatoi mhadhara, hataki usome kitabu, na hataki uzungumze na mwenzako kuhusu somo. Anakupa maana za maneno na orodha ya theoremu, unakwenda kuhangaika mwenyewe, kesho unaitwa ubaoni kuthibitisha. Wanafunzi 50 walipata uzamivu chini yake, na watatu kati yao walikuja kuwa marais wa kile chama cha watafiti kilichokataa jarida. Mpaka leo kuna wahadhiri wanaotumia njia zilizotokana na yake.

Lakini Moore alikuwa na upande mwingine. Alikataa kuwafundisha wanafunzi Weusi. Mwaka 1950 Mahakama Kuu ya Marekani iliamuru Chuo Kikuu cha Texas kipokee mwanafunzi Mweusi katika shule yake ya sheria, na milango ya masomo ya juu ikaanza kufunguka. Mlango wa darasa la Moore haukufunguka. Vivienne Malone-Mayes aliusukuma, akaambiwa hapana.

Mama huyu ndiye aliyenifanya nianze kuandika makala hii. Alizaliwa Waco, Texas, mwaka 1932. Mwaka 1961 chuo kikuu cha mji wake, Baylor, kilimkataa kwa sababu ya rangi, akaenda Austin. Baadaye alieleza kwa maandishi maisha yake pale. Hakuruhusiwa kuingia darasa la Moore. Hakuruhusiwa kufundisha, wakati wenzake wa uzamivu walikuwa wanapewa madarasa na kujifunzia kazi humo. Na pale msimamizi wake na wanafunzi wenzake walipokwenda mgahawani kunywa kahawa na kuongea hisabati, yeye hakuweza kwenda, kwa sababu mgahawa ule haukuhudumia watu Weusi.

Hapo kwenye kahawa hapo, ndugu zangu, tusipapite haraka. Kama hakuna chuo kinachomfundisha mhadhiri kufundisha, basi anajifunzia wapi? Anajifunzia kijiweni. Anamsikia mkubwa wake akisema swali lile la mtihani huwa linawaangusha wote, mfano ule wa tangi la maji huwa unaeleweka, usianze na uthibitisho asubuhi ya Jumatatu. Ufundi wote wa kazi ulikuwa unapita mezani, bila kuandikwa. Aliyekaa mezani aliupata. Aliyezuiwa mlangoni aliukosa, na hakuna kitabu ambacho angekwenda kununua.

Malone-Mayes alimaliza uzamivu wake mwaka 1966. Mwaka huo huo Baylor, chuo kilichomkataa, kilimwajiri kuwa mhadhiri wake wa kwanza Mweusi. Jengo la Austin lililobeba jina la Moore lilibadilishwa jina mwaka 2020.

Wakati hayo yanatokea, vyuo vilikuwa vinafurika. Askari waliorudi vitani baada ya mwaka 1945 walilipiwa masomo na serikali. Mwaka 1957 Wasovieti wakarusha Sputnik, Marekani ikashtuka, na mwaka uliofuata sheria ikapitishwa ya kumwaga fedha katika sayansi na hisabati. Nani atafundisha umati huo? Kazi ikaangukia kwa wanafunzi wa uzamivu, wengi wao wakiwa na miaka ishirini na kitu, ambao wiki moja walikuwa wanafunzi na wiki iliyofuata ni walimu.

Katika miaka ya 1970 mmoja wa vijana hao, Uri Treisman, alikuwa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, akishiriki katika kuwaandaa wanafunzi wenzake wa uzamivu kwa kazi ya kufundisha. Katika kazi hiyo likajitokeza jambo la kutisha: waliokuwa wanafeli kalkulasi walikuwa kwa wingi Wamarekani Weusi, na waliokuwa wanang'ara walikuwa kwa wingi wenye asili ya China. Treisman aliwauliza maprofesa sababu. Majibu yao mnaweza kuyabashiri: hawana hamu ya kusoma, hawakuandaliwa vizuri sekondari, familia hazijali, umaskini.

Yeye akaamua kwenda kuangalia. Alichukua wanafunzi 20 wa kundi moja na 20 wa kundi la pili, akawafuata vyumbani na maktaba kuona wanavyosoma. Majibu ya maprofesa hayakusimama. Wanafunzi Weusi walikuwa na hamu, walitoka katika familia zilizojinyima ili wasome, na saa za kusoma walizitimiza. Tofauti kubwa ni kwamba walisoma peke yao. Wale wenye asili ya China walisoma kwanza peke yao, kisha jioni wakakutana, wakala pamoja, wakakagua majibu, wakaulizana maswali ya mitihani ya zamani. Kwa Kiswahili cha mabwenini kwetu, walikuwa na diskasheni!

Mwaka 1978 Treisman akaanzisha vikundi vya kusoma vilivyopewa maswali magumu kuliko ya darasani. Hakuvifanya kuwa madarasa ya waliofeli. Wanafunzi Weusi walioingia humo walianza kufaulu kuliko wenzao wengi darasani. Mwaka 1992 simulizi ya utafiti huo ilichapishwa katika jarida la MAA na wahadhiri wakaisoma kila kona. Ujumbe ulikuwa mchungu: kwa miaka mingi walimu waliamini jambo kuhusu wanafunzi wao ambalo hawakuwahi kwenda kulithibitisha. Na hawa ni watu ambao kazi yao ni kuthibitisha!

Kufikia hapo moto ulikuwa umeshawaka. Januari 1986 wanahisabati walikutana New Orleans, Chuo Kikuu cha Tulane, kujadili kwa nini kalkulasi inawafelisha vijana wengi. Mwaka uliofuata wakakusanyika mamia mjini Washington. Hoja kuu ikawa kwamba somo hilo limegeuka chekeche la kuwatoa watu kwenye uhandisi na sayansi, wakati lilipaswa kuwavuta ndani. Vitabu vipya vikaandikwa, kompyuta zikaingizwa. Mwaka 1990 Ernest Boyer wa taasisi ya Carnegie naye akatoa ripoti akitaka kufundisha kuhesabiwe kuwa kazi ya kisomi. Yote mazuri. Lakini kitabu kipya kikipewa mhadhiri ambaye hakuna aliyewahi kumwonyesha kazi, kinafanya nini?

Hapo ndipo wanapoingia James Leitzel na Christine Stevens. Leitzel mwaka 1991 alikuwa ameongoza MAA kuandika mapendekezo ya namna ya kuwaandaa walimu wa hisabati wa mashuleni. Stevens alikuwa mhadhiri wa Saint Louis University. Mwaka 1994, kwa ruzuku ya mfuko wa elimu wa kampuni ya mafuta ya Exxon, walianzisha chini ya MAA mpango walioupa jina Project NExT, yaani uzoefu mpya katika kufundisha. Walengwa walikuwa watu waliomaliza uzamivu karibuni na wako mwaka wa kwanza au wa pili wa ajira chuoni.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Kijana anaomba, na mkuu wa idara yake anaandika barua ya kumuunga mkono na kukubali kumlipia nauli na malazi. Kiangazi anakwenda kwenye semina ya siku chache inayopangwa sambamba na mkutano wa mwaka wa MAA. Januari anahudhuria mkutano mkubwa wa wanahisabati wote, kiangazi kinachofuata anarudi tena. Katikati ya safari hizo kuna orodha ya barua pepe inayomuunganisha na wenzake wa mwaka wake pamoja na wanahisabati wazoefu waliojitolea kuwa washauri.

Semina hazikuwa za nadharia za ualimu. Walizungumza kuhusu darasa kubwa, namna ya kutunga mtihani, namna ya kuwafanya wanafunzi wafanye kazi kwa vikundi, lakini pia namna ya kuendelea na utafiti ukiwa chuo kidogo, kuomba ruzuku, na kuishi na wakuu wa idara. Waanzilishi walijua kwamba mhadhiri mpya hatamsikiliza mtu anayemwambia asahau utafiti. Miaka iliyotangulia, Carnegie Mellon na vyuo vingine vilijaribu kutoa shahada tofauti ya udaktari kwa wanaotaka kufundisha tu, na haikuwahi kupata heshima sawa na ile ya utafiti.

Halafu kulikuwa na nukta. Kila mwaka washiriki walipewa kinukta cha rangi yake cha kubandika kwenye beji, na waliendelea kukivaa kwenye mikutano miaka mingi baadaye. Wa kwanza walikuwa nyekundu. Unaweza kucheka, lakini fikiria wewe ni mgeni katika mkutano wa maelfu ya watu, humjui yeyote, unaona mtu ana nukta. Unajua huyo naweza kumsogelea nikamuuliza.

Ukiuliza kilichokuwa kipya pale, mimi nasema ni kile kijiwe. Mazungumzo yale yale ya mezani, ila sasa meza ilikuwa na utaratibu na mlango wake ulikuwa wazi kwa mtu wa chuo kidogo huko mashambani, kwa mwanamke aliye peke yake katika idara, kwa Mmarekani Mweusi ambaye miaka thelathini nyuma angeachwa nje ya mgahawa. Leitzel alifariki mwaka 1998 akiwa ameona miaka michache tu ya kazi yake. Wengine, akiwemo Joseph Gallian na Aparna Higgins, wakaingia kusaidia, matawi madogo yakaanzishwa mikoani, na waliopitia wakavuka 1,500. Wanafizikia nao walianza semina yao kwa wahadhiri wapya mwaka 1996.

Je, iliponya kila kitu? Hapana. Mpango ulichukua watu wachache kila mwaka, wenye ajira kamili na idara iliyo tayari kulipa. Marekani madarasa mengi ya mwanzo hufundishwa na watu wa mikataba ya muda, wanaolipwa kwa somo, na hao hawakuwa na nauli wala barua ya mkuu. Kupanda cheo katika vyuo vikubwa kuliendelea kutegemea machapisho. Mwaka 2014 watafiti walikusanya tafiti 225 za ufundishaji wa sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni, wakakuta kwamba wanafunzi wanaosikiliza mhadhara tu walikuwa na uwezekano wa kufeli mara 1.5 ya wale wanaoshirikishwa darasani. Miaka ishirini baada ya NExT kuanza, mhadhara ulikuwa bado mfalme.

Turudi nyumbani. Afrika Mashariki iliguswa mapema na wimbi la Wamarekani hawa. Kuanzia mwaka 1962 wanahisabati kutoka Marekani, Uingereza na Afrika walikutana Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vya hisabati za kisasa. Vitabu hivyo vilikuwa vya shule na vyuo vya ualimu. Mhadhiri wa chuo kikuu alihesabiwa kuwa ameshaiva.

Kisha ikaja miaka ya 2000. Bodi ya Mikopo ikaanza kazi mwaka 2005, Chuo Kikuu cha Dodoma kikafunguliwa mwaka 2007, sekondari za kata zikatema wahitimu, na vyuo vikajaa kama vya Marekani baada ya Sputnik. Wahadhiri wangetoka wapi? Kwa utaratibu wetu, kijana anayemaliza shahada ya kwanza na GPA kubwa anabakizwa chuoni. Nina rafiki aliyebakizwa namna hiyo. Julai alikuwa anagombea kiti na wenzake, Novemba anawafundisha wadogo zake ukumbi huo huo. Nilipomuuliza aliandaliwaje, alisema alipewa madesa ya aliyemtangulia na funguo za ofisi. Semina za ufundishaji zimekuwepo katika baadhi ya vyuo vyetu, sikatai, na zinasaidia. Lakini semina ya siku tatu ikishaisha, Jumatatu yule kijana anabaki na nani?

Na anayelipa ni mwanafunzi. Mtu katoka Sumbawanga au Newala, ukoo umeuza ng'ombe, anaingia darasa la kalkulasi la mwaka wa kwanza, Juni anadisko. Kijijini watasema alikwenda kula starehe mjini. Chuoni watasema msingi wake wa sekondari ulikuwa mbovu. Ni majibu yale yale ya maprofesa wa Berkeley, na sijui ni nani hapa kwetu amewahi kumfuata bwenini aone anasomaje.

Sisemi tuige kila kitu. Nasema tuangalie bei ya kile kilichofanyika mwaka 1994: semina ya siku chache, nauli, orodha ya barua pepe, na wazee wachache waliokubali kujibu maswali bila kulipwa. Leo hata barua pepe si lazima, kundi la WhatsApp linatosha. Wahadhiri wapya wa hisabati wa Dar es Salaam, Dodoma, Morogoro, Mbeya, Nairobi na Kampala wanaweza kuwa kwenye kijiwe kimoja kesho asubuhi, pamoja na maprofesa wastaafu wenye miaka arobaini ya ubao vichwani mwao. Wazee hao wapo. Wakiondoka bila kuulizwa, wanaondoka na mfano wa tangi la maji.

Najua humu kuna waliobakizwa vyuoni na kuna waliodisko. Nyote mna ya kusema. Wahadhiri, nani aliwaonyesha kazi? Wanafunzi, ni mhadhiri gani wa hesabu mlimwelewa, na alikuwa anafanya nini wenzake hawafanyi? Msitaje majina ya waliowaangusha, tajeni walichofanya. Karibuni.